Uso wa Toleo la Tatu

Sifaeli aliizima taa, akaiwasha tena, kana kwamba kosa lilikuwa la taa.

Kioo cha meza kiling'aa kutoka chini, na ukurasa wa mwisho wa gazeti la katuni uliolala juu yake ukaonyesha kila ulichokuwa nacho: nyuzi za karatasi, doa la chai pembeni, njia mbili nyembamba ambazo mchwa walipita wakitafuna ukingo. Kiraka hakikuonekana. Alishika kioo cha kukuzia, akaufuata uso wa mtu aliyechorwa amesimama kando ya ziwa, akazunguka taratibu kutoka kidevuni hadi utosini, akarudi alikoanzia. Karatasi ilikuwa moja. Hakukuwa na mshono wala kivuli cha gundi.

Na kiraka alikitia yeye mwenyewe, kwa mikono hii hii, miaka ishirini na saba iliyopita.

Gazeti lilikuwa limeletwa asubuhi hiyo na Bariki. Huyu ni mtu wa miaka arobaini hivi, ana duka la vifaa vya umeme mjini, na ana kichaa kimoja tu maishani, nacho ni magazeti ya katuni ya zamani. Mkewe hulalamika kwamba watoto wanalala watatu kitanda kimoja ilhali magazeti yana chumba chao. Yeye na wenzake wapatao thelathini, wa Arusha, Moshi na Dar es Salaam, walikuwa wameanzisha utaratibu wa lebo. Gazeti linakaguliwa, linafungwa ndani ya kasha la plastiki, na juu ya kasha inabandikwa lebo. Nyeupe maana yake liko kama lilivyotoka kiwandani. Kijani maana yake limehifadhiwa: limesafishwa, mipasuko imeshikizwa, ila hakuna kilichozidishwa. Nyekundu maana yake limeongezewa: lina wino au karatasi ambayo mchoraji hakuiweka.

Utaratibu mzuri, mpaka watu walipoanza kuutumia. Mwaka jana mwenzao mmoja alipata gazeti lenye lebo ya kijani, akaja kugundua kwamba nusu ya jalada imepakwa rangi upya. Kundi lao la simu liliwaka wiki nzima. Wengine walitaka hata tone la gundi liitwe nyongeza. Wengine wakasema kwa mtindo huo hakuna gazeti litakalopona, kwa sababu hakuna gazeti la miaka arobaini lililofika leo bila kushikwa na mtu. Mwishowe wakakubaliana kwamba rangi peke yake haitoshi. Lebo iwe na jina la aliyekagua, na maneno ya alichokiona. Wakamchagua Sifaeli, fundi wa kukarabati Biblia na vitabu vya nyimbo, Mmeru wa Moshono mwenye miaka hamsini na minane, ambaye hajawahi kusikika akidanganya hata pale uongo ungemfaa.

Hili lilikuwa "Nyayo za Momela", toleo la tatu na la mwisho. Mchoraji wake aliitwa Lesian, mtu wa Kisongo, aliyekuwa akiandika mabango ya maduka mjini na kuchora gazeti lake kwa muda uliobaki. Mwaka 1987, wiki mbili baada ya toleo hilo kutoka, alikwenda Momela, mbugani chini ya mlima Meru, kutazama maziwa ya huko kwa ajili ya toleo la nne. Walikuta mkoba wake kando ya maji, kalamu zote zimo. Yeye hawakumwona. Wengine walisema nyati, wengine wakasema maji, na baada ya miaka michache hakuna aliyesema kitu.

"Ndilo pekee lililobaki, mzee," Bariki alikuwa amemwambia, akiliweka mezani kwa mikono miwili. "Jumamosi tunalionyesha ukumbini, na yeyo Nalepo, mama yetu, atakuja. Ni mjane wake. Hana picha ya mumewe hata moja, ana huo uso tu wa mwisho aliojichora mwenyewe. Ukiandika kijani, tumempa uthibitisho kwamba ni mkono wa mumewe."

Sifaeli aliuliza itakuwaje akiandika nyekundu. Bariki alicheka. Alisema amelikagua kwa taa mara tatu na liko safi, na kwamba nyekundu kwa gazeti kama hili ingekuwa sawa na kumzika yule mzee kwa mara ya pili, maana mara ya kwanza hawakupata cha kuzika. Kisha akaondoka kwenda kufungua duka.

Bariki alikuwa hajafika barabarani, Sifaeli alipoufikia ukurasa wa mwisho na kuliona kovu. Lilikata nyusi ya kushoto, fupi, limeinama kidogo. Alilijua kama anavyoijua sahihi yake.

Sasa, ili kumtendea haki, inafaa kueleza alivyofundishwa. Sifaeli alijifunza kazi kwa mzee Eliasi, aliyekuwa na karakana ndogo mjini ya kushona upya Biblia za washarika. Mzee Eliasi alikuwa na sheria moja asiyoijadili: Neno halirudi kwa mwenyewe likiwa na tundu. Panya akila nusu ya Zaburi, unakata karatasi inayofanana, unaibandika kwa gundi ya wanga iliyopikwa asubuhi hiyo, unafungua Biblia nyingine mahali pale pale, na unanakili maneno kwa kalamu nyembamba mpaka msomaji asijue panya alipita wapi. Ni kazi ya uaminifu mkubwa, kwa sababu huongezi kitu. Jibu la tundu lipo, liko kwenye Biblia ya jirani.

Siku moja mwaka 1998 akaja mwanamume na jani moja la karatasi, lililochomoka kwenye gazeti la katuni, lenye tundu la ukubwa wa kidole gumba mahali pa kichwa cha mtu. Alisema mchwa wameingia sandukuni kwa shemeji yake, na hataki shemeji alione tundu lile. Sifaeli alimwuliza palikuwa na nini. Yule mtu akasema hajui, yeye si msomaji. Palepale fundi mwingine angeliacha tundu. Sifaeli, kijana wa karakana ya Biblia, hakuwa na wazo la namna hiyo kichwani. Alibandika kiraka, na mzee Eliasi alipotoka kunywa chai, akachora uso. Ulikuja wenyewe, kalamu haikuinuka. Mwishoni tu iliteleza juu ya jicho, ikaacha alama. Aliitazama alama ile, akaona inampendeza yule mtu, akaiacha.

Leo alikuwa akiitazama tena, na jua la saa nne lilikuwa limejaa dirishani.

Alifungua kabati, akatoa daftari la kazi la mwaka ule. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake wa ujana: jani moja la katuni, tundu, uso wa mtu, nimejaza. Kwa hiyo hakuwa ameota. Chini ya daftari palikuwa na bati la biskuti alimoweka vipande vya majaribio, na katikati ya herufi za Zaburi na namba za nyimbo akakipata kipande alichojaribia uso ule kabla ya kuugusa ukurasa. Alikiweka kando ya gazeti, juu ya mwanga.

Nyusi zilikuwa zile zile, na pua, na kovu, maana alilinakili baadaye kwenye kipande hicho ili alikumbuke. Lakini mtu wa kipande cha majaribio alikuwa kijana wa miaka thelathini. Mtu wa kwenye gazeti alikuwa na mvi juu ya masikio na mikunjo miwili kutoka puani hadi kwenye midomo, na mashavu yake yalikuwa yameingia. Wino unaweza kufifia. Wino hauzeeki hivyo.

Sifaeli alisukuma kiti nyuma. Aliogopa, na hakujificha kwamba ameogopa. Alikaa ukutani, mbali na meza, akasikiliza kuku wa jirani wakiparua na redio ikitangaza vifo. Kisha likamjia wazo ambalo lilimtisha kuliko uso. Mshono haupo. Taa ya Bariki haikuuona, yake haikuuona, na hakuna taa nyingine itakayouona. Anaweza kuandika kijani, akasaini, mama wa watu akakaa ukumbini Jumamosi akiwa na uhakika wa mumewe, na siri ikazikwa pamoja na fundi mwenyewe. Kilichohitajika ni kunyamaza. Alilitia daftari ndani ya bati, akaliweka bati juu ya kabati mahali pasipofikika bila ngazi, na mchana ule hakula.

Asubuhi ya Ijumaa alichukua ngazi.

Alimpigia Bariki simu akamwambia kuna kitu anataka kukihakiki kwa Nalepo, mwenye gazeti, hakusema kitu gani. Kisha akalifunga gazeti kwa kitambaa cheupe, akatia kwenye begi kasha, lebo za rangi zote tatu na lile bati, akasafiri hadi Kisongo. Huku upande huu mlima hauonekani kama ule wa kwao. Kwao Meru uko juu ya migomba, karibu, na unainyeshea mvua. Hapa unasimama kando, mkavu, na upepo unainua vumbi jekundu kwenye mashamba. Ndege ndogo iliinuka kutoka uwanjani ikapita juu yake, na kivuli chake kikampita miguuni.

Nalepo alikuwa amekaa sebuleni kwake karibu na mlango, sinia mapajani, anapukuchua mahindi. Mama wa miaka sabini, mnyoofu, shuka la bluu begani, macho yake yakiwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Sifaeli alimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kama yeye ndiye fundi wa lebo. Alimpikia chai ya maziwa, akaweka vikombe viwili. Waliulizana habari za mvua, za usharika, za magoti. Sifaeli alikunywa chai yote ili asibaki na cha kujificha nyuma yake.

"Yeyo," alisema, "ule uso wa mwisho si mkono wa mzee. Niliuchora mimi."

Vidole vya Nalepo havikusimama. Punje ziliendelea kudondoka kwenye sinia.

"Najua," alisema.

Sifaeli alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kufukuzwa, hata kwa laana. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

"Gazeti lilipotoka nililisoma kabla ya mchwa," Nalepo alisema. "Mtu huyu alikuwa amenipa mgongo. Anakwenda ziwani, hageuki. Nilimwuliza mume wangu kwa nini hakujichora uso, akasema yeye hawezi kuchora uso wake, anaujua mgongo tu. Siku alipoondoka kwenda Momela nilimwona kwa mgongo, pale njiani, akawa kama kwenye picha. Nikaliweka sandukuni, sikulifungua tena miaka kumi. Halafu mchwa. Shemeji Yiamat akalipeleka kwa mafundi. Liliporudi, alikuwa amegeuka."

Alipangusa mikono, akamwambia alitoe gazeti na atazame miguu.

Sifaeli alifungua kitambaa, akaweka ukurasa kwenye mwanga wa mlango. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliitazama miguu ya mtu yule. Ilikuwa chini ya picha, katikati ya majani, imechapwa kiwandani, mbali kabisa na tundu la mchwa. Ilivaa viatu vya matairi. Visigino ndivyo vilivyoelekea kwa msomaji. Nyayo mbili zilikuwa nyuma yake kwenye matope, zikielekea kwenye maji. Alikuwa amemwekea uso mtu anayekwenda zake. Aliona aibu ya fundi, ile inayoanzia masikioni, kwa sababu mtoto wa shule angeiangalia miguu kwanza.

"Nimekaa nikikusubiri," Nalepo aliendelea. "Yiamat alikufa bila kukumbuka karakana. Nilitaka kuuliza jambo moja. Nani alikuonyesha uso wake?"

"Hakuna, yeyo."

"Na kovu?"

"Kalamu iliteleza."

Mama yule aligusa nyusi yake ya kushoto. Kisha akaeleza kwamba mwaka waliooana ng'ombe alimpiga Lesian kwa pembe, hapo hapo, wakamshona kwa uzi wa kushonea nguo kwa sababu zahanati ilikuwa mbali. Na alipogeuka hakuwa na mvi, akasema. Mvi zilianza mwaka waliomwoza binti yao mkubwa. Alikuwa akimtazama gazetini kila Jumapili baada ya ibada, akafikiri ni macho yake yanaharibika, na kweli yakaja kuharibika, lakini mvi alikuwa ameziona kabla.

Sifaeli alitoa kipande cha majaribio kutoka kwenye bati, akakiweka kiganjani mwa Nalepo. Mama alikisogeza karibu sana na macho. Alitabasamu kidogo. "Hivi ndivyo alivyokuja," alisema, akakirudisha.

Walifika kwenye lebo. Sifaeli alieleza rangi zote tatu. Alisema gundi ya wanga hulegea kwa kitambaa chenye maji, na kwamba kazi njema ni ile inayoweza kutolewa. Kwa kawaida angeondoa kiraka na kuacha tundu wazi, na gazeti lingestahili kijani. Ila kiraka hiki hakina mwanzo wala mwisho, hajui angeweka wapi kitambaa. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna atakayegundua akiandika kijani sasa hivi. Miguu hiyo haijaangaliwa na mtu mwingine kwa miaka ishirini na saba. Ukumbini kesho wangemwita mke wa aliyejichora. Wakiona nyekundu watasema uso ule ni wa fundi wa Moshono, na yeye atarudi nyumbani akiwa hana picha.

Nalepo aliweka sinia sakafuni.

"Ukiandika ya kijani," alisema, "utakuwa umesema alisimama hivi tangu mwanzo. Hakusimama hivi. Aliniacha. Mimi ndiye niliyeachwa na mimi ndiye ninayejua kwamba aligeuka baadaye. Hilo usinifutie."

Basi Sifaeli akachagua nyekundu. Alisogeza vikombe pembeni, akafuta meza kwa kiganja, akaandika kwa ule mwandiko mdogo wa Zaburi: Limeongezewa. Uso wa mtu katika picha ya mwisho umechorwa na Sifaeli wa Moshono, mwaka 1998, bila kielelezo. Sehemu nyingine zote za picha hazijaguswa. Alisaini. Alimsomea Nalepo yote, naye akatikisa kichwa kukubali kila neno. Kisha akaliingiza gazeti kwenye kasha, ukurasa wa mwisho ukiwa mbele, akabana pande zote nne, akabandika lebo juu. Alijisikia mwepesi. Alifikiria jinsi Bariki atakavyokasirika, akaona atavumilia.

Nje upepo ulitulia. Punje za mahindi kwenye sinia zilikuwa za njano sana. Nalepo alilichukua kasha, akalishika mapajani kama mtu anavyoshika mtoto aliyelala, akapitisha kidole juu ya plastiki kuanzia usoni kushuka chini. Kidole kilisimama karibu na ukingo.

"Fundi," alisema, "macho yangu hayafiki huku. Niangalizie miguu."

Sifaeli aliinama. Aliangalia, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaangalia tena. Kasha lilikuwa limebanwa. Wino wa lebo ulikuwa bado haujakauka vizuri, na ulisema kweli: hakuwahi kuigusa miguu ile. Visigino havikuwepo. Chini ya suruali iliyokunjwa palikuwa na vidole, vitano na vitano, vimechomoza mbele ya viatu vya matairi, na kila ukucha ulikuwa na mstari wake. Zile nyayo mbili za kwenye matope zilikuwa bado nyuma yake, lakini sasa zilikuwa zimetoka kwenye maji.

Angeweza kusema anaona majani tu. Alimtazama mama yule, na macho yake yenye ukungu yaliyokuwa yameelekea mlangoni.

"Imegeuka, yeyo," alisema. "Anakuja huku."

Nalepo aliinua kasha kutoka mapajani. Aliliegemeza kasha ukutani, juu ya meza, likielekea mlango. Akainuka kwa kushika goti, akaenda kabatini, akarudi na kikombe cha tatu. Alikipangusa ndani kwa pindo la shuka lake, akamimina chai mpaka karibu na ukingo, akakifunika kwa kisosi vumbi lisiingie.